Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu,

Mwaka huu tumejenga kalvati tatu, yaani njia za kupitishia maji chini ya barabara, na kufukua mitaro ya barabara mbili za mashambani hapa Burnt Forest. Si kazi kubwa, ila waliozifanya ni watoto wetu.

Wengi wetu tulikutana 2009 kwenye Kazi kwa Vijana, mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwa zimeua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya na kuwahamisha zaidi ya 600,000, na hapa petu magofu yalikuwa bado yamesimama. Serikali ya Kibaki na Raila ikatugawia majembe na sululu. Siku ya kwanza kila jamii ilishika upande wake wa barabara. Lakini bomba la kalvati halibebwi na mtu mmoja wala wawili, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tunakula githeri ya sufuria moja.

Mwaka 2011 yakazuka maswali kuhusu matumizi ya fedha za mpango huo, Benki ya Dunia ikaondoa ufadhili wake. Aliyekuwa akifyeka nyasi alirudi nyumbani kama alivyokuja. Waliobaki na kitu ni wale wachache waliojifunza kupima mteremko wa mtaro kwa kamba na kumwaga zege. Hao ndio walioanzisha chama hiki.

Ndiyo sababu kamati iliamua kila kijana akae na fundi wake mwanzo hadi mwisho. Kazi ilichelewa karibu mwezi, na mliolalamika mlikuwa na haki. Hata hivyo nasimama na uamuzi ule. Binti mmoja sasa anafunga nondo bila kusimamiwa.

Kilichotuumiza ni malipo. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga angalau asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na tulipitia mlango huo. Kalvati la tatu lilikamilika Machi. Hadi leo hatujalipwa. Kibarua hawezi kungoja hivyo, kwa hiyo tuliwalipa vijana kutoka akiba yetu. Hakuna gawio mwaka huu.

Kamati inaomba idhini yenu tutafute mikataba ya matunzo badala ya kukimbizana na zabuni za ujenzi. Barabara ya changarawe huharibiwa na maji kila masika, na mitaro yake lazima izibuliwe mwaka hadi mwaka.

Mweka hazina sasa atawasomea hesabu.