Rehema, voisi yako imeninyima usingizi

Shoga angu Rehema,

Huku wazima, mama anakusalimia, umeme unakatika kama kawaida, hayo tuyaache. Ile voisi yako eti kuibana nchi kibiashara hakujawahi kumfungulia mtu mlango wa kuhama, afu ukazima data! Na unajua mdahalo wa kidato cha sita kuhusu hilohilo nausimamia mimi Ijumaa.

Basi nimeisoma hiyo sheria ya Marekani ya Jackson-Vanik. 1972 Wasovieti waliweka kodi ya elimu, Myahudi mwenye digrii akitaka kuhama alipe kwanza gharama za kusomeshwa, hela ambayo mshahara wa miaka haufikii. Ndo seneta Henry Jackson na Charles Vanik wa bunge la chini wakasema nchi ya kikomunisti inayozuia watu kuhama isipate ushuru nafuu kwa bidhaa zake wala mikopo ya Marekani. Kissinger, waziri wa nje wa Marekani, hakutaka kabisa, yeye na mambo yake ya kunong'onezana na Moscow kimyakimya. Ila Sakharov, yule mwanafizikia mtetezi wa haki za binadamu, tena yuko Moscow kwenyewe, aliwaandikia Kongresi barua ya wazi 1973 kuwaambia waipitishe.

Sasa sikiliza utamu. Ile kodi Moscow waliacha kuitoza 1973 hiyohiyo, sheria haijapita! Rais Ford kaja kusaini Januari 1975, Wasovieti wakaukataa mkataba wa biashara na Marekani, na Wayahudi waliotoka, ambao 1973 walikuwa kama 35,000, mwaka huo wakawa kama 13,000. Yaani fimbo iliogopwa ikiwa bado juu. Haya, hapo una pointi, usicheke. Lakini 1979 wametoka zaidi ya 50,000 na sheria ipo palepale, afu wakaingia Afghanistan, uhusiano ukachacha, 1986 hawakufika hata 1,000. Mi naona mlango ulifunguka kila Moscow ilipokuwa na shida na Washington, na bila sheria hao watu nani angewataja kwenye kikao cha kuuziana ngano? Ingawa Romania nayo ilipewa ushuru nafuu 1975, huku kiongozi wake Ceaușescu anapokea hela za Ujerumani Magharibi kwa kila Mjerumani wa Romania anayemwachia ahame. Hapo sijui niwaambieje wanafunzi...

Kilichonikaba ni yule Myahudi wa Kisovieti mwenyewe anayeomba kuhama. Kupeleka fomu tu ulitakiwa mwaliko wa ndugu aliyeko Israel na barua kutoka kazini kwako, yaani bosi na ofisi nzima washajua unataka kuondoka na hujajibiwa bado. Unafukuzwa kazi, ruhusa unanyimwa, afu unaweza kushtakiwa kwa kukaa bila kazi! Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu kunong'onezana?

Sasa nijibu kabla ya Ijumaa: ungekuwa Jackson ungeipitisha sheria, au ungeiacha tu inaning'inia kama kitisho? Upande wa kupinga niwape hoja gani ambayo sijaiona? Na Saidi alienda ile intavyuu? Kitenge changu bado kiko kwa Mwanaidi? We data unanunua lini?

Wako,
Asha