Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: mgonjwa asiyepona naye ana watoto

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Sikuandikii kuhusu vitanda wala foleni. Hayo wapo wanaoyasema kila siku. Nakuandikia kuhusu wazazi wagonjwa wasiopona, wenye watoto wadogo, ambao ndugu zao huambiwa hospitalini, "Mpelekeni nyumbani mkamtunze," na hakuna anayeeleza atatunzwa na nani, kwa dawa gani.

Mwaka jana kwenye darasa langu la tano kulikuwa na msichana hodari wa hesabu, akaanza kusinzia tangu kipindi cha kwanza. Siku moja nasahihisha madaftari, nikakuta nyuma ya daftari lake ameorodhesha saa za usiku: saa nne, saa sita na nusu, saa tisa. Mbele ya kila saa kuna herufi, P au M. Nikamwita nimuulize. P ni Panadol. M ni maumivu, yaani mama ameamka analia na muda wa kumpa nyingine haujafika. Aliambiwa asizidishe, basi akawa anaandika asije akakosea. (Baba yake ameniruhusu kuyaandika haya, na mengine nimeyabadili ili wasitambulike.)

Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, iliyogundulika ikiwa imeshasambaa. Alitoka hospitali ambayo sitaitaja akiwa na karatasi ya kuruhusiwa na hizo Panadol. Hapo ukoo ukagawanyika. Wengine wanataka apelekwe Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Wengine wanasema amerogwa, atafutiwe mtaalamu. Hakuna aliyewakalisha wote pamoja akawaambia kwa Kiswahili cha kueleweka ugonjwa umefika wapi na tiba inaweza nini, haiwezi nini. Kiwanja kikauzwa. Nauli na waganga wakakimaliza, na watoto wale leo wanakaa nyumba ya kupanga.

Baba ni mvuvi wa dagaa. Unalijua ziwa letu: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo siku za kupata pesa ndizo siku ambazo baba halali nyumbani, na mgonjwa anabaki na watoto. Majirani sitawalaumu. Walileta ugali na migebuka, walifua, walichota maji. Lakini hakuna aliyejua jinsi ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulalia, wala kwamba kinywa kilichokauka kinasafishwa kwa kitambaa laini chenye maji. Muuguzi angeweza kuwafundisha hayo kwa nusu saa, uani.

Ombi langu la kwanza ni dawa ya maumivu. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, amenieleza habari za morfini ya maji: inanywewa kwa mdomo, kwa kawaida kila baada ya saa nne, haihitaji sindano. Itolewe pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana inafunga choo, na mgonjwa akiteswa na hilo ataiacha. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilohilo linakadiria kwamba duniani, kati ya wanaohitaji tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito, ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Najua inasimamiwa na sheria ya dawa za kulevya, na ni sawa isimamiwe; mimi ni mwalimu, nawajua vijana walioharibika. Ila anayekufa na saratani si huyo kijana. Uganda hapo jirani, tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa morfini, kwa kuwa madaktari vijijini ni wachache. Kubadili sheria si kazi yako. Lakini unaweza kufuatilia kwamba kila hospitali ya wilaya, kuanzia Kakonko hadi Uvinza, dawa hiyo ipo, mtu wa kuiandika yupo, na ndugu anaweza kwenda kuchukua nyingine bila kumbeba mgonjwa kwenye bodaboda.

La pili ni watoto wenyewe. Sisi watu wazima tunapenda kuwaficha: mama amesafiri, mama atapona, kacheze nje. Wao wanasikia kila kitu kupitia dirishani. Mdogo wake yule msichana, wa chekechea, aliniuliza kama mama anaumwa kwa sababu yeye alikataa kutumwa dukani. Nikamwambia hapana, mama ana ugonjwa, hakuna mtoto aliyeusababisha. Akanitazama, akauliza tena. Watoto wa umri ule hujibebesha lawama hivyo, na asipopatikana mtu wa kuwaondolea watakua nazo. Wakubwa kidogo wanataka kujua mambo ya kawaida kabisa: nani atapika, tutakaa kwa nani, nitaendelea na shule? Daktari au muuguzi akimsaidia mzazi kupata maneno ya kuyasema hayo mapema, akiwa bado na nguvu za kuyasema mwenyewe, sisi wengine tunajua pa kuanzia.

Halafu kuna karatasi. Mama alikuwa na hisa kwenye kikoba, na akiba kwenye simu. Namba ya siri alikuwa nayo yeye peke yake. Vyeti vya kuzaliwa vya wadogo wawili havijakatwa. Alitaka binti akae kwa mama mkubwa wake hadi amalize la saba, alilisema kwa mdomo tu, na baada ya msiba kila shangazi akawa na lake. Yote haya yalikuwa ya mchana mmoja, afisa ustawi wa jamii akifika kabla, akakaa na wazazi wote wawili, akaandika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema uamuzi wowote kuhusu mtoto utangulize maslahi yake. Lakini afisa ustawi atafikaje kama hakuna aliyemwambia?

Ndiyo maana naomba jambo dogo. Mgonjwa wa namna hii akiruhusiwa, na kama nyumbani kuna watoto, daktari aulize wanasoma wapi. Kisha, wazazi wakikubali, nakala moja ya barua ya rufaa iende zahanati ya karibu, ili muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wapite nyumbani; moja iende kwa afisa ustawi; na mistari miwili tu, bila jina la ugonjwa, ije kwa mwalimu mkuu.

Kwetu shuleni hiyo mistari miwili inatosha. Mtoto ataruhusiwa kuchelewa bila fimbo, mchango wa chakula hataulizwa, na tutampangia mwalimu mmoja wa kuzungumza naye. Mwalimu mkuu wetu ameshakubali tuanze hata kesho.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa darasa la tano
Ujiji, Kigoma