Barua kwa rafiki: Sura tatu asubuhi na mtu mlangoni

Mpendwa dada na rafiki yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na swali ambalo si la kujibiwa kwa haraka. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu, na shemeji yako anakusalimu. Watoto wanakuuliza kila mara, hasa yule mdogo.

Umeniambia kwamba tangu mwaka uanze umekuwa ukisoma Biblia kila siku kwa kufuata ratiba, kwamba umefika Mambo ya Walawi na kukwama, kwamba umebaki nyuma siku kumi na moja, na kwamba kinachokuumiza zaidi si kule kubaki nyuma bali ni kuona kuwa hata zile siku ulizosoma vizuri hazikubadilisha chochote katika namna unavyosema na watu, unavyofanya kazi yako na unavyokasirika. Ukauliza: "Je, nasoma vibaya, au mimi ndiye mgumu?"

Nianze na lililo jepesi. Siku zile kumi na moja ziache. Biblia tunayoisoma mimi na wewe ina vitabu 66 na sura 1,189, kwa hiyo anayetaka kuimaliza kwa mwaka mmoja inampasa kusoma sura tatu na kidogo kila siku; huo ni mgawanyo wa hesabu tu, si amri ya Bwana. Hata sura zenyewe hazikuwekwa na manabii wala mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilianza kutumika mwaka 1551, ilhali Wakristo wa kwanza walisomewa waraka mzima kwa mkupuo wakiwa wamekusanyika. Ratiba ni mtumishi mzuri, nami sikushauri uitupe, lakini inapogeuka kuwa mdai anayekukimbiza kila asubuhi, fungua ukurasa wa leo na umwachie Mungu viporo.

Lililo zito ni swali lako lenyewe, na kulijibu itanibidi nikusimulie jambo ambalo sijamsimulia mtu ila mume wangu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na fundi aliyetutengenezea mlango wa nyuma. Kazi aliimaliza vizuri siku ya Jumatatu, tukakubaliana kwamba malipo yaliyosalia atayapata baada ya siku mbili. Jumatano asubuhi niliamka mapema kama kawaida yangu, nikaomba, nikasoma. Mojawapo ya sura za siku hiyo ilikuwa Mithali 3. Nakumbuka nilipiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya yale maneno matamu ya mwanzoni kuhusu kumtumaini Bwana kwa moyo wako wote, nikaweka alama ya vema kwenye ratiba, nikafunga Biblia nikiwa na amani tele. Saa moja baadaye fundi akabisha hodi. Nilikuwa nimechelewa kutoka, kiatu kimoja kiko mguuni na kingine mkononi, nikamwambia pale pale mlangoni, bila hata kumkaribisha ndani, "Leo nina haraka, kaka, njoo kesho." Fedha zake zilikuwa kwenye bahasha, na bahasha ilikuwa ndani ya mkoba niliokuwa nimeutundika begani. Aliitikia tu, akageuka, akaondoka taratibu.

Usiku wa siku hiyo niliifungua Biblia ili nitafute mstari wa kumtumia mgonjwa mmoja, ikafunguka palepale penye kalamu nyekundu. Macho yangu yakateremka hadi mstari wa 28, ambao nilikuwa nimeusoma asubuhi ileile kwa sauti: "Usimwambie jirani yako, Nenda, urudi halafu, na kesho nitakupa, nawe unacho kitu kile karibu nawe." Dada yangu, nilikaa kitandani nikiutazama ule mkoba uliokuwa umening'inia mlangoni. Nilikuwa nimelisoma neno kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya saa mbili nikawa nimelivunja, karibu neno kwa neno, bila kujua kwamba nimelivunja.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wewe ni mgumu, nitakuambia kwamba sidhani. Nadhani unasoma kama nilivyokuwa nikisoma mimi, yaani Neno linakaa kwenye chumba chake na siku inakaa kwenye chumba chake, na katikati hakuna mlango. Yakobo anamfananisha msikiaji asiye mtendaji na mtu anayejiangalia uso wake katika kioo, kisha akaenda zake na mara akasahau jinsi alivyo. Zamani nilidhani mfano huo unawahusu watu wanaosinzia kanisani. Siku hizi naona kwamba unamhusu hasa mtu anayetazama kioo kila siku, na kwa uangalifu. Kosa lake si kutokutazama, kosa lake ni kwamba aliona doa usoni na hakulipangusa.

Tangu usiku ule nimebadilisha mambo machache katika usomaji wangu. Kubwa kuliko yote ni swali ninalojiuliza nikimaliza kusoma. Zamani nilijiuliza, "Sura hii inafundisha nini?" na jibu lilikuwa daima ni sahihi na daima liko mbali: upendo, imani, uvumilivu. Sasa najiuliza, "Leo nitakutana na nani?" Nawapitisha watu wa siku hiyo mmoja mmoja mbele ya kile nilichosoma: mwenzangu wa kazini ambaye nimemkwepa wiki nzima, mtoto mwenye mtihani, mama mkwe atakayepiga simu jioni, mtu ninayemdai, mtu anayenidai. Mara nyingi sura haijafika mwisho kabla sijajua ni nani kati yao anayehusika. Nikisoma kwamba jawabu la upole hugeuza hasira, sisemi tena "Bwana, nifanye mpole"; nasema, "Bwana, fulani atakaponiuliza saa nne kuhusu ile taarifa ambayo haijakamilika, nisaidie nimjibu bila kupandisha sauti." Ombi la namna hiyo lina faida moja ambayo wengi hatuipendi: ifikapo saa tano unajua kabisa kama umetii au hukutii.

Jambo la pili ni kwamba nachukua mstari mmoja tu na kuubeba mdomoni. Bwana alimwambia Yoshua kwamba kitabu cha torati kisiondoke kinywani mwake, bali ayatafakari maneno yake mchana na usiku, na neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kutafakari" hapo, ambalo ndilo hilohilo la Zaburi ya 1, lina maana ya kunena kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Basi nami hujisemea, nikiosha vyombo au nikitembea. Sura tatu siwezi kuzibeba hadi jioni, lakini mstari mmoja nauweza.

Hapa niweke tahadhari, maana shauku ya kutumia Neno maishani nayo ina mtego wake. Mtu akitafuta kila asubuhi mstari wa kumfaa, ataanza kuyakata maandiko kama kitambaa. Tunaipenda sana Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani wala si ya mabaya, na tunaiandika kwenye kadi za harusi na za mitihani. Lakini maneno hayo yamo katika barua ambayo nabii aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, na mstari unaotangulia unawaambia kwamba watakaa huko miaka 70. Wengi walioisikia barua ile wangezikwa ugenini. Walichotakiwa kufanya siku iliyofuata kimeandikwa mistari michache juu yake: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, na wautakie amani mji uleule uliowateka na kuuombea kwa Bwana. Ukiisoma barua nzima, ahadi haipungui hata kidogo. Inapata tu kazi ya kufanya, nayo ni kumwombea mtu aliyekutendea vibaya wakati ungali chini ya mamlaka yake. Kwa hiyo kabla sijauliza "nani," husoma aya nzima, na ikiwezekana sura nzima, nijue nani alikuwa akiambiwa nini.

Mtego mwingine nakiri nimekaa ndani yake kwa miaka. Nilikuwa nikisoma Biblia kwa niaba ya mume wangu. Kila onyo nililokutana nalo, nilimwona yeye, na Waefeso 5 niliijua vizuri zaidi kuanzia mstari wa 25, pale waume wanapoagizwa wawapende wake zao. Nilipoanza kuisoma mistari iliyoandikiwa mimi, nyumba ilitulia, na yeye mwenyewe aliniuliza siku moja kama naumwa.

Sasa turudi kwenye Mambo ya Walawi, ulikokwama. Usikimbie, ila usisome kwa kasi. Zile sura za mwanzo za sadaka ni ngumu, na zinasomeka vizuri zaidi ukiwa na Waebrania 9 na 10 pembeni. Lakini ndani yake mna vitu ambavyo hutaviona ukipita mbio. Katika sura ya 6, mtu aliyemdhulumu mwenzake haambiwi aende kutoa sadaka halafu mambo yamekwisha; anatakiwa kwanza arudishe alichochukua kwa ukamilifu wake, tena aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia. Nilipofika hapo mwaka uliofuata nilimkumbuka fundi wangu. Nilikuwa nimemlipa Alhamisi na kumwomba radhi, nikadhani hesabu imefungwa. Sikuwahi kujiuliza ile safari ya bure ya Jumatano ilimgharimu nini, wala nyumbani kwake walisubiri nini siku ile. Sisemi kwamba sisi tulio katika Kristo tumefungwa na hesabu ile ya sehemu ya tano, lakini moyo wa amri ulinishika, nikamtafuta, nikampa kiasi cha juu. Alicheka, akasema alikwisha kusahau. Mimi nilikuwa sijasahau.

Na ukifika sura ya 19, tulia hapo hata siku tatu, ratiba ikasirike ikitaka. Humo ndimo mna amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, ile ambayo Bwana Yesu aliitaja kuwa ya pili iliyo kuu, lakini tazama ilivyozungukwa: ujira wa mtu wa kuajiriwa usilale kwako hata asubuhi, usimlaani kiziwi, usiweke kikwazo mbele ya kipofu, usiende huku na huko ukichongea, mizani yako iwe ya haki, usivune pembe za shamba lako bali umwachie maskini na mgeni. Mimi na wewe hatuna shamba, lakini tuna saa za kazi, tuna maneno ya kumsema mtu asiyekuwepo kusikia, ambaye kwetu ndiye kiziwi, na tuna bajeti ambayo tunaibana hadi pembe zake zote zinakuwa zetu. Nimeona kwamba ninapopanga matumizi ya mwezi bila kuacha pembe yoyote, mwenye shida akija hukuta shamba limekwisha kuvunwa lote, nami nasema sina, na kweli sina.

Zipo siku ambazo hutaona chochote. Mtoto amekesha na homa, umesoma zaburi moja macho yakifumba, na huna wa kumpitisha mbele ya mstari wowote. Usijilaumu. Waisraeli jangwani waliokota mana, chakula alichowapa Mungu, kila asubuhi, nayo ya jana haikukaa, na sidhani kama kila asubuhi waliishangaa. Waliila, wakapata nguvu za kutembea siku ile.

Nina ombi moja kwako. Kuanzia Jumatatu ijayo tusome pamoja Waraka wa Yakobo, aya moja kwa siku, wewe huko na mimi huku. Una sura tano tu. Jioni tuandikiane sentensi moja, na sentensi hiyo isiwe tulichojifunza bali tulichofanya. Siku ambayo hatukufanya, tuandike "sikufanya," bila maelezo. Mimi nitakuwa na siku nyingi za namna hiyo, nakuonya mapema, hasa tukifika sura ya tatu inayohusu ulimi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na yule ndugu uliyeniambia mmekosana naye namkumbuka katika maombi pamoja nawe. Barua yako inayofuata isichelewe kama hii yangu.

Ni mimi dadako katika Bwana,
akupendaye daima.