Magunia 12, marobota 3: jibu kwa aliyeuliza grafu ni ya nini

Mhariri,

Hivi karibuni msomaji mmoja wa gazeti lako aliuliza mtoto wa mvuvi anafundishwa kuchora grafu ili akamchoree nani. Nilicheka, kwa sababu mwaka jana na mimi nilimuuliza mjukuu wangu swali hilohilo, tena kwa ukali, nikitaka aweke daftari chini aje kunisaidia kufunga magunia. Naomba nafasi nimjibu.

Nafanya biashara kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Shule niliishia darasa la saba. Kila wiki napeleka mzigo Shinyanga kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kukodi: dagaa kwenye magunia, na kayabo, yaani sangara wa chumvi aliyekaushwa, kwenye marobota. Mtaji wangu ni shilingi 3,000,000. Gari linabeba vifurushi 15, gunia au robota ni mamoja, na cha 16 dereva hakitaki hata umbembeleze vipi. Kule nina mteja wa siku nyingi ambaye lazima nimfikishie magunia 5 ya dagaa. Nikimpunguzia, anahamia kwa mwingine.

Wakati huo gunia nililinunua kwa 150,000 na faida yake ilikuwa 20,000. Robota lilikuwa 400,000, faida 45,000. Gari nalilipa bei ileile, lijae lisijae. Mtu yeyote wa sokoni atajua nilichokuwa nafanya: namtengea mteja magunia yake 5, pesa iliyobaki naimwaga kwenye kayabo, maana robota moja linashinda faida ya magunia mawili. Napata marobota 5, na chenji inaniongezea gunia moja. Faida 345,000. Nyuma ya gari nafasi 4 zinapigwa upepo mpaka Shinyanga, na mimi najiona mjanja.

Jioni moja mjukuu, yuko kidato cha nne, alikuwa analia na mada wanayoiita linia programingi, yaani kutafuta faida kubwa kabisa bila kuvuka mipaka uliyowekewa. Swali lilikuwa la mtu anayeoka keki za aina mbili, na lote kwa Kiingereza. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili. Aliposoma nikaona kilichomkwamisha hakikuwa hesabu. Lile neno la Kiingereza la "angalau", yaani "at least", lina sauti ya udogo ndani yake, kwa hiyo mtoto akilisikia anaandika alama ya "ndogo kuliko", na kuanzia hapo kila kitu kinageuka kichwa chini. Mwambie "si pungufu ya 5" uone kama atakosea. Mtoto wa Kirumba anaijua "si pungufu ya" tangu anatumwa dukani.

Basi nikamwambia aziache keki, aandike gari langu. Magunia akayaita x, marobota y. Pesa: 150,000 mara x, jumlisha 400,000 mara y, isizidi 3,000,000. Nafasi: x na y kwa pamoja zisizidi 15. Mteja: x isipungue 5. Alimaliza kabla chai haijapoa.

Grafu tuliichora nyuma ya kalenda, sentimita moja gunia moja, magunia kwenye mstari wa kulala, marobota kwenye wa kusimama. Mstari wa pesa ulitoka 20 chini ukapanda hadi saba na nusu. Wa nafasi ulitoka 15 hadi 15. Wa mteja ulisimama wima penye 5. Nikamuuliza atajuaje upande upi wa mstari ni halali. Akaniuliza na yeye: "Bibi, ukienda mikono mitupu, umezidisha pesa?" Hapana. "Gari umelijaza kupita kiasi?" Hapana. "Na mteja?" Huyo nimemkosea. Kumbe ndiyo kanuni yenyewe: unaijaribu ile sifuri. Kwa pesa na nafasi, upande wenye sifuri ndio wa kubaki nao. Kwa mteja, ni upande wa pili. Akapaka penseli kusikotakiwa, katikati kikabaki kipande cheupe chenye kona nne. Safari yoyote ninayoweza kuifunga imo ndani ya kipande hicho.

Hapo ndipo nilipovaa miwani. Alichukua rula akailaza kuanzia 9 kwa magunia hadi 4 kwa marobota, akasema kila nukta inayoguswa na rula inanipa faida ya 180,000: magunia 9 peke yake ni 180,000, marobota 4 peke yake ni 180,000. Kisha akaanza kuisukuma rula kwenda nje, bila kuipinda, faida ikipanda kila inaposogea, mpaka ilipobaki inagusa kipande cheupe mahali pamoja tu. Ilikuwa ile kona ambapo mstari wa pesa unakutana na wa nafasi. Magunia 12, marobota 3. Nikapiga hesabu kwa vidole: 1,800,000 na 1,200,000, mtaji umekwisha wote, gari limejaa, faida 375,000. Hizo 30,000 za ziada kwa safari nilikuwa naziacha barabarani.

Kona ya juu upande wa mteja ilisema marobota 5 na kipande. Robota halikatwi, mteja wa wapi atanunua kipande. Mjukuu akasema hata mtihanini vitu visivyogawanyika lazima vibaki namba nzima, wengi hupoteza alama hapo.

Lakini ndugu msomaji asidhani 12 na 3 ni dawa ya kila siku. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika, na gunia lile likapanda hadi 200,000. Bei ya kuuza nayo ilipanda, faida kwa gunia ikabaki palepale. Tukachora upya. Mstari wa pesa ulirudi kutoka 20 hadi 15, ukapita ndani ya ule wa nafasi, na rula ikaenda kuishia kona nyingine: magunia 5, marobota 5, faida 325,000. Yaani wiki ya mbalamwezi, mazoea yangu ya miaka yote yalikuwa sahihi! Kosa langu lilikuwa kuyabeba hadi kwenye wiki za giza.

Mwalimu wake wa tuisheni amemwambia hesabu hizi nazo zilizaliwa kazini. Mrusi Leonid Kantorovich alizitoa mwaka 1939, baada ya watu wa plaiwudi wa Leningrad kumpelekea shida ya kugawa magogo kwenye mashine zao, na mwaka 1975 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Mmarekani George Dantzig, aliyekuwa akifanyia kazi jeshi la anga, mwaka 1947 alitoa njia ya kutembea kona hadi kona kwa namba peke yake, pale bidhaa zinapozidi mbili na karatasi haitoshi kuchora. Nataka kuongeza samaki wa tatu, furu wa kukausha, kwa hiyo huyo Dantzig tutahitajiana.

Ombi langu kwako, Mhariri: tenga pembe ndogo, hata mara moja kwa mwezi, uchapishe swali moja la namna hii kwa Kiswahili, la kirikuu, la mtumbwi na petroli, la mama lishe na mkaa wake, na jibu toleo linalofuata. La kwanza nimeshakupa, ila gari nimelipata jingine linalobeba 18, bei ni zile za wiki ya giza. Jibu ninalo kwenye kalenda, nasubiri kuona nani atalipata.

Bibi wa Mwaloni,
Kirumba, Mwanza