Kadi au keshi ukisafiri nje? Cha kuangalia ni nani anakuchenjia hela

Msimu wa safari ukikaribia simu zetu zinajaa swali moja tu, jamani kule nibebe keshi au kadi itatosha? Na sisi tunaouza tiketi na kupanga safari za watu tumezoea kujibu beba vyote, jibu ambalo ni la kweli ila halimsaidii mtu sana, maana unaweza kubeba vyote na bado ukaliwa vizuri tu. Hela haipotei kwa sababu umelipa kwa kadi au kwa noti, inapotea pale inapogeuka kutoka hela ya kwenu kuwa hela ya kule, na yule aliyeigeuza ndo anayeamua umekatwa kiasi gani. Ukishajua hilo mengine yote yanakuwa rahisi.

Tuanze na kadi. Ukilipa dukani nje ya nchi kwa Visa au Mastercard, ile kampuni ya kadi yenyewe ndo inabadilisha hela kwa kiwango chake cha siku hiyo, na kusema kweli kiwango chao kwa kawaida sio kibaya, mara nyingi kiko karibu na kile unachokiona ukigugo, na wote wawili wana kikokotoo kwenye tovuti zao unaweza kuangalia hata kabla hujaondoka. Kinachouma ni benki yako kuongeza chake juu. Benki nyingi zinakata kati ya asilimia 1 na 3 kwa kila muamala wa fedha za kigeni, zingine hazikati kabisa, na hii huioni kwenye risiti ya dukani, unakutana nayo kwenye taarifa ya akaunti ukisharudi nyumbani umechoka. Kwa hiyo kabla ya safari waulize benki swali moja la moja kwa moja: nikilipa kwa kadi kwa fedha ya nje mnanikata asilimia ngapi, na nikitoa ATM je? Wakikuzungusha, omba karatasi ya makato, wanayo.

Sasa hapa ndo tunataka usome polepole kwa sababu ndo watu wengi wanapigwa. Umekula, umeletewa mashine, unaweka kadi, mashine inakuonyesha kiasi mara mbili, kimoja kwa hela ya kule na kingine kwa hela ya kwenu, inakuuliza uchague. Mtu anaona hela ya kwao anajisikia salama, angalau hii naielewa, anabonyeza. Umekwisha! Hapo umemruhusu mwenye mashine na kampuni iliyo nyuma yake wakubadilishie hela kwa bei yao wenyewe, na bei yao inaweza kuwa mbaya kwa asilimia 3, 5, kwenye ATM nyingine hata 10 na zaidi kuliko ile ya kampuni ya kadi. Na ubaya wake ni kwamba benki yako bado inaweza kukukata ile ada yake ya muamala wa nje juu yake, maana umelipa nje hata kama umelipa kwa hela ya kwenu. Kanuni ni moja haina mjadala: chagua hela ya nchi uliyopo, siku zote.

Kwenye ATM wanaiandika kwa ujanja zaidi, skrini inakwambia kitu kama kubali ubadilishaji au kataa ubadilishaji, na ile kataa imeandikwa kwa namna inayokutisha uone kama hela haitatoka. Itatoka. Ukikataa unakataa bei yao tu, muamala unaendelea kama kawaida na kampuni ya kadi ndo inabadilisha. Umoja wa Ulaya walishaona huu mchezo, wana kanuni ya mwaka 2019 inayowalazimisha wanaotoa huduma hii waonyeshe asilimia waliyoongeza juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, kwa hiyo ukiwa huko angalia skrini vizuri, mara nyingi utaiona imeandikwa. Nje ya Ulaya usitegemee. Na wakati mwingine mhudumu anakuchagulia mwenyewe bila kukuuliza, basi kabla hujasaini au kuweka pini soma risiti, ukiona hela ya kwenu imeandikwa mwambie afute aanze upya, ni haki yako na yeye anajua. Hata tovuti za hoteli na tiketi zinafanya hivi hivi, unaona bei kwa hela ya kwenu unafurahi, kumbe wameshaichenji wao.

ATM zenyewe zina tabia yake. Kuna mwenye mashine anayeweza kukuchaji, kuna benki yako inayochaji kutoa hela nje, mara nyingi kiasi fulani kisichobadilika, na kuna ile asilimia tuliyoisema. Kwa vile sehemu ya ada haibadiliki utoe kidogo utoe kingi, ukitoa kidogo kidogo kila siku unajiumiza, bora utoe mara chache kiasi cha maana. Tafuta mashine iliyo ndani au ukutani mwa benki ya kweli. Zile zinazosimama peke yake mitaa ya watalii na pembeni ya baa ndo zenye ada nene, na ikimeza kadi yako hapo hakuna wa kumfuata, wakati ya benki angalau kesho asubuhi unaingia ndani. Na kadi ya mkopo usiitumie ATM kama una njia nyingine. Ukinunua kitu kwa kadi ya mkopo kwa kawaida unapewa siku za kulipa kabla riba haijaanza, ila ukitoa keshi riba kwa kawaida inaanza siku ile ile, pamoja na ada ya kutoa.

Haya, keshi. Kuna mtu anasema mimi mambo ya makato siyataki nabeba noti zangu. Sawa, ila duka la kubadilisha fedha nalo linakula, tena kimya kimya. Kibao kikiandikwa hatutozi kamisheni usishangilie, wao faida yao iko kwenye pengo kati ya bei wanayonunulia na bei wanayouzia, angalia hizo namba mbili, zikiwa mbali sana endelea na safari yako. Ya uwanja wa ndege ndo kwa kawaida ya mwisho kwa ubaya, wanajua umeshuka na huna nauli, kwa hiyo hapo chenji kidogo tu ya kukufikisha mjini. Halafu kuna wanaobadili hela ya kwao kuwa dola, wakifika wanabadili dola kuwa hela ya kule, hapo umeliwa mara mbili. Ipo sababu ya kufanya hivyo pale ambapo hela ya kwenu huko uendako hawaitambui, ni wengi tu wako hivyo, ila jua unalipia.

Na noti zenyewe ziangalie. Serikali ya Marekani inasema dola zote za zamani bado ni halali, lakini maduka ya kuchenji ya nchi nyingine yana sheria zao, dola ya kichwa kidogo, iliyochanika, yenye muhuri au iliyoandikwa na peni wanaikataa au wanakupa bei ya huruma. Chukua mpya mpya zile safi. Pauni za karatasi mtu akikupa za kule kwake alizotunza droo tangu zamani usizipangie matumizi, Uingereza noti za karatasi za 20 na 50 ziliacha kutumika dukani tarehe 30 Septemba 2022, sasa ni za plastiki tu, zile za zamani utazipeleka Bank of England. Uswisi nayo noti za toleo lililopita iliziondoa 2021. Na ile noti ya euro 500 ni halali bado ila ilishaacha kutolewa 2019 na maduka mengi hayataki hata kuiona.

Nchi na nchi hazifanani ndo maana jibu letu kwa mteja linategemea tiketi yake inasoma wapi. Anayeenda Sweden tunamwambia hata asihangaike na keshi, kule maduka na mikahawa mingi haipokei noti kabisa, kadi ndo kila kitu. London mabasi yaliacha kupokea keshi tangu Julai 2014, unagusisha kadi unapanda, na kila mtu anahitaji kadi yake au simu yake, huwezi kugusisha moja mkapanda wawili. Ukivuka kwenda Ujerumani stori inabadilika, watu wanaitegemea kadi nchi nzima kumbe utakuta mgahawa mdogo au duka la mkate linataka noti, au linapokea kadi zao za ndani tu na Visa yako haipiti. Japani pia keshi bado inatembea, ila ATM za kwenye maduka ya 7-Eleven zinapokea kadi za nje na zinaongea lugha kadhaa, kwa hiyo huna haja ya kubeba bunda. China ni dunia yake, kule wanalipa kwa simu, Alipay na WeChat Pay, na siku hizi mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya nje, ifanye hiyo kazi ukiwa bado nyumbani maana wanaweza kutaka pasipoti na uthibitisho, na ujue muamala ukizidi yuan 200 wanaongeza asilimia 3. Kisha kuna sehemu ambazo kadi yako ni plastiki tu. Urusi tangu Machi 2022 Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi, na Iran nako kadi hizo hazifanyi kazi. Kuba kadi zilizotolewa na benki za Marekani hazipiti. Kama kadi yako haipiti huko ni keshi, tena iwe imehesabiwa hadi siku ya kurudi, hakuna ATM ya kukuokoa.

Kitu kingine kinachotuletea simu za usiku ni dhamana. Unafika hotelini umeshalipa chumba, wanaomba kadi, wanashikilia kiasi fulani kwa ajili ya uharibifu na vinywaji. Gari la kukodi ndo zaidi, wanashikilia kiasi kikubwa, na kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, ukienda na kadi ya debiti au ya mkeo wanaweza kukunyima gari na umeshalipia. Kama ni kadi ya mkopo, kilichoshikiliwa ni sehemu ya kikomo chako tu. Ila kama ni debiti, ni hela yako halisi ya akaunti imefungwa, na hata ukirudisha gari zima inaweza kukaa siku kadhaa hadi wiki ndo iachiwe, wakati wewe unataka kula. Mtu anatupigia anasema nimeibiwa, hujaibiwa ndugu, imeshikiliwa.

Laini ya simu pia. Ukinunua kitu mtandaoni benki inatuma namba ya OTP, yaani namba ya siri ya kutumia mara moja, kwa meseji, kwenye laini yako ya nyumbani, ambayo umeitoa ukaweka laini ya kule! Wengi hapa ndo wanakwama, kadi ina hela, pini wanaijua, ila OTP inaenda kwenye kipande cha plastiki kilicho kwenye pochi. Iache laini yako hewani kwenye simu ya laini mbili, kwa kawaida kupokea meseji ukiwa rominga hakugharimu, lakini hakikisha na mtandao wako na uwashe rominga kabla ya kuondoka. Hapo hapo kwenye programu ya benki washa matumizi ya nje ya nchi, benki nyingi zinayafunga zenyewe kwa usalama, na angalia kikomo cha siku. Pini ikariri, mashine za tiketi za treni Ulaya zisizo na mhudumu zinaitaka. Marekani mashine ya mafuta itakuuliza msimbo wa posta, wewe wa nje huna, ingia ndani ulipe kwa mhudumu.

Wanaobeba nyingi: kuingia au kutoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi lazima utangaze forodhani, Uingereza ni pauni 10,000, Marekani ni ukizidi dola 10,000, na Marekani familia inayosafiri pamoja hesabu ni ya wote, kugawana kwenye mifuko ya watoto hakusaidii. Kutangaza sio kulipa kodi, unajaza fomu unaendelea, kutotangaza ndo wanaweza kukunyang'anya.

Sisi kwa safari nyingi tunashauri kadi mbili, moja Visa moja Mastercard ikiwezekana na za benki tofauti, zisikae pochi moja, na keshi ya siku mbili tatu. Vitu vikubwa kama hoteli na tiketi lipa kwa kadi kwa sababu kampuni ikifilisika au ikakuruka unaweza kuomba benki ikurudishie, noti ukishaitoa imeenda. Na siku ya mwisho malizia sarafu, maduka ya kuchenji kwa kawaida hayapokei sarafu, nunua maji au punguza nazo bili ya hoteli inayobaki ulipie kwa kadi. Ukikata tiketi kwetu tutumie tu jina la nchi na aina ya kadi uliyonayo, tunakwambia kiasi cha keshi cha kuanzia.