Mafuta ya uvimbe sio mafuta ya chapati

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Kuna vois inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar, jamaa anasema wazungu wamegundua kansa ya ubongo inakula mafuta, kwa hiyo mgonjwa anyimwe mafuta yote ili uvimbe ufe njaa. Jirani yetu huku Mbagala yuko kwenye mionzi, amekonda mpaka suruali anafunga na kamba, na nduguze wanampa ugali na mchicha wa kuchemsha, chumvi tu, samaki wa kukaanga wanakula wenzake yeye anaangalia. Inaniuma kwa kweli.

Utafiti upo jamani, ila haukusema hivyo. Tangu enzi za Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, ilijulikana seli za kansa zinapenda sukari, sasa mwaka 2017 mtafiti Elizabeth Stoll na wenzake wa Newcastle kule Uingereza wakaonyesha seli za glioma, yaani aina ya uvimbe wa ubongo, zinachoma mafuta pia ili zipate nguvu, wakawapa panya dawa inaitwa etomoksiri inayozuia mafuta yasifike pale yanapochomwa ndani ya seli, uvimbe ukakua taratibu. Panya lakini! Na dawa hiyo hiyo ilishajaribiwa kwa wagonjwa wa moyo huko nyuma, jaribio likasimamishwa sababu ya madhara kwenye ini.

Halafu kuna kolestroli, aina ya mafuta ya mwilini, hapa ndo watu wanapotea kabisa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu ila una karibu asilimia 20 ya kolestroli yote ya mwili, na unajitengenezea wenyewe humo humo, ile ya kwenye damu haivuki. Glioblastoma, ile glioma kali kabisa, inachota hiyo ya seli za ubongo zilizo karibu nayo, ndo maana watafiti akina Paul Mischel kule Marekani wakajaribu, kwa panya tena, dawa inayoifanya seli ya kansa imwage kolestroli yake mpaka ife. Sasa ukimnyima mtu tui la nazi hapo umezuia nini? Unamdhoofisha tu, na mionzi inataka mtu mwenye nguvu.

Ombi langu, kurasa zenu za afya zimtafute daktari wa kansa au mtu wa lishe atuandikie kwa Kiswahili cha kawaida mgonjwa wa mionzi ale nini, na akiwa na kisukari ale nini, maana jirani yangu anacho.

Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam