Barua kwa Rehema: kuhusu Saidi na polisi wa Texas

Rehema mpenzi,

Kabla hujaendelea kusoma, mfikishie mama shikamoo yangu, asije akasema nimemsahau.

Umeniuliza kama ni kweli polisi wa kawaida wa huku, hawa wanaosimamisha magari na kufukuza wezi, wanaweza kumshika Saidi kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Natamani ningekujibu hapana, ukalala. Lakini inategemea mtu yuko jimbo gani na kaunti gani, na mdogo wako kachagua Texas.

Kwetu polisi ni jeshi moja. Umkute Mtwara au Bukoba, mkuu wake ni IGP yuleyule. Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000: vya miji, vya kaunti chini ya sherifu anayepigiwa kura, vya majimbo, hata vya vyuo vikuu. Uhamiaji lakini ni sheria ya serikali kuu, na wenye kazi hiyo ni watu wa ICE, idara yake inayokamata na kuondoa wageni wasio na kibali. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali kuu haiwezi kuwaamuru maofisa wa majimbo na kaunti waifanyie kazi zake. Kesi yenyewe wala haikuhusu wageni. Masherifu wawili, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, walikataa kufanywa wakaguzi wa wanaonunua bunduki. Hata hivyo miji mingi imejikinga nayo tangu hapo. Polisi wa Los Angeles walishajiwekea amri yao mwaka 1979, kwamba askari asianze kumfuatilia mtu kwa nia tu ya kujua kaingiaje nchini, na Oregon ikatunga sheria yake 1987.

Kilichokatazwa ni kulazimishwa. Anayejitolea haruhusiwi tu, anakaribishwa. Tangu 1996 kuna kifungu kinachoitwa 287(g), kwenye sheria iliyosainiwa na Rais Clinton, kinachomwezesha sherifu au mkuu wa polisi kuingia mkataba na serikali kuu ili baadhi ya askari wake wafundishwe na kufanya kazi ya uhamiaji chini ya usimamizi wa ICE. Florida ndiyo ilikuwa ya kwanza, 2002. Mikataba ya kuwaachia wafanye hivyo barabarani ilisitishwa 2012, ikabaki ile ya ndani ya jela. Mwaka 2025 ya barabarani ikarudishwa, na tangu hapo mikataba imeongezeka kwa mamia.

Texas haikutaka hata kuwaachia viongozi wa miji waamue. Sheria yake ya 2017 inakataza mji au kaunti kumzuia askari asimuulize hali ya uhamiaji mtu aliyeshikiliwa kihalali, na jela zake zinatakiwa kuitikia maombi ya ICE. Ipo nyingine ya 2023 ambayo imepiganiwa sana mahakamani, lakini hiyo inalenga wanaovuka mpaka kinyemela. Saidi aliingia kwa ndege, na viza yake mkononi. Kwamba iliisha kabla ombi lake halijajibiwa ni habari nyingine.

Sasa sikiliza jambo linalonitia hofu kuliko yote, na ndilo watu wa nyumbani hawalijui. Mnafikiri hatari ni mtu wa ICE kuja kugonga mlango. Inatokea, lakini kwa wengi mambo huanza na taa ya nyuma ya gari iliyoungua. Kuna kesi ya mama mmoja wa mji mdogo wa Lago Vista, Texas hukohuko, aliyefungwa pingu kwa sababu yeye na watoto wake hawakuwa wamefunga mikanda. Adhabu ya kosa lile ni faini tu. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikasema askari hakuvunja katiba. Mama yule ni raia. Alilipa dhamana akarudi kwake. Asiye raia akifikishwa jela kwa kosa kama hilo, anawekewa vidole kwenye kioo cha mashine, kimoja kimoja, na alama zile zinakwenda FBI, kutoka hapo zinapita moja kwa moja hadi idara ya uhamiaji. Askari aliyemsimamisha huenda hata hakuwa na nia mbaya. Halafu ICE wanaandika ombi jela imshikilie hadi saa 48 zaidi ya muda aliopaswa kuachiwa, ili waje kumchukua. Ombi hilo halisainiwi na jaji. Kwenye majimbo mengine mahakama zimeshasema mtu asishikiliwe kwa karatasi hiyo peke yake. Texas, jela inatii.

Najua mumeo atasema sheria ni sheria, aliyekosa ashikwe. Mwambie kwamba mwaka 2012, kwenye kesi ya Arizona, Mahakama ya Juu hiyohiyo ilisema wazi kuwa kwa kawaida kubaki tu nchini bila kibali si kosa la jinai. Na mwambie yaliyotokea Maricopa, Arizona, chini ya sherifu Joe Arpaio, aliyewafanya askari wake kuwa wasaka wageni. Mwaka 2013 jaji alikuta kwamba walikuwa wakisimamisha watu kwa kuwaangalia sura, raia wakiwemo. Kesi ile imewagharimu walipa kodi wa kaunti hiyo mamilioni ya dola. Hizo ni fedha ambazo zingelipa wapelelezi.

Mimi lakini sibishani kwa ajili ya hela. Kuna dada mmoja wa Kongo tunayesali naye. Siku moja baada ya ibada aliomba nimsindikize chooni, akapandisha blauzi. Ubavu wote ulikuwa umevilia damu, na alipovuta pumzi alishika ukingo wa sinki. Nikatoa simu nipige polisi. Akaniwekea mkono juu ya simu. Mwanamume aliyempiga alikuwa amemwambia, "Piga, tuone nani ataondoka nchi hii." Yeye bwana ana makaratasi, dada hana. Nilimweleza kwamba tangu mwaka 2000 kuna viza maalumu kwa walioumizwa na uhalifu wakawasaidia polisi, watu 10,000 kila mwaka, na kwamba lazima fomu yake isainiwe na polisi au chombo kingine cha sheria. Akanitazama. "Kwa hiyo niwaendee walewale?" Sikuwa na jibu la kumtoa hofu, Rehema, na nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika tangu nije nchi hii. Mpigaji alikuwa anailinda nyumba yake kwa kutumia sare ya polisi, na polisi wenyewe hawajui. Baadaye alikubali nimpeleke kwa wakili, polepole, na mambo yake yanaendelea. Lakini wangapi hawana wa kuwasindikiza?

Hata sheria ya Texas inasema shahidi au mtu aliyeonewa asiulizwe hali yake ya uhamiaji, isipokuwa pale upelelezi unapolazimu au kumweleza kuhusu viza kama hiyo. Mwambie Saidi hilo, asije akaibiwa au akapigwa na kunyamaza.

Na mengine mwambie hivi. Gari liwe na bima, taa zote ziwake, leseni isiwe imeisha. Akisimamishwa, mikono kwenye usukani, atoe leseni na karatasi za gari, asibishane. Akiulizwa kazaliwa wapi au kaingiaje, ana haki ya kusema kwa adabu kwamba hatajibu bila wakili. Asikimbie, asionyeshe karatasi ya kughushi. Na asithubutu kabisa kusema yeye ni raia: uongo huo mmoja unaweza kumfungia mlango wa makaratasi maisha yake yote. Nakala ya ombi lake na risiti yake aweke kwa mtu anayemwamini, na namba ya wakili aikariri kichwani, kwa sababu jela simu wanaichukua.

Wakili ninayemjua mimi hafanyi kazi Texas peke yake; uhamiaji ni sheria ya nchi nzima, kwa hiyo anaweza kumsaidia akiwa hukohuko. Mwambie anipigie Jumamosi jioni nimuunganishe naye, na wewe usimpigie mara kumi kwa siku kumuuliza kama kashikwa. Ana hofu ya kutosha.

Nakukumbuka sana,
Zuhura